Panya wa Bibi

Nafundisha Kiswahili sekondari, na kila mwaka nikifika kwenye somo la maneno yenye maana zaidi ya moja, wanafunzi wangu hutoa mifano ileile. Paa wa porini na paa la nyumba. Mbuzi wa kuchinjwa na mbuzi ya kukunia nazi. Kaa wa baharini na kaa la moto. Nayaandika ubaoni, tunaendelea. Lakini hakosekani mmoja wa dawati la nyuma wa kupaza sauti, "Mwalimu, panya!" Darasa zima hucheka, kwa sababu hapa Mbagala kila mtu anaijua maana ya pili ya neno hilo. Mimi sicheki. Humwambia afunge mdomo, na sauti inayonitoka huwa kali kuliko kosa lake.

Ukilitafuta neno hilo kwenye kamusi utamkuta mnyama mdogo mwenye mkia mrefu, anayeguguna kila kitu majumbani na mashambani. Basi. Neno limetoka wapi, kamusi yangu haisemi. Bibi yangu, Mzaramo wa hapahapa, alikuwa na jibu lake: panya katokana na kupenya. "Tundu gani wewe umeona asilopenya?" aliniuliza siku moja tukichambua mchele. Nilimwambia lugha haiendi hivyo, kwamba kwa hesabu hiyo angeitwa penya. Akanicheka, akasema walimu tuna shida. Mpaka leo nadhani alikosea, ila sina jibu langu la kuweka mahali pa lake.

Maana nyingine za neno zinajulikana asili zake. Njia ya panya ni ile anayopita mtu asiyetaka kuonwa, awe na magendo ya sukari au awe amechelewa tu msibani. Kipanya ni basi dogo la abiria, na pia ni kile kidude cha kusogeza mshale kwenye kompyuta. Mtu anayekuumiza huku akikubembeleza anauma na kupuliza, na anayepuliza hapo ni panya, anayekula nyayo za mtu aliyelala bila kumwamsha. Morogoro wapo panya wanaofundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wageni wanatoka nje ya nchi kuja kuwatazama. Na mitaani kwetu hupita mtu na spika begani, sauti iliyorekodiwa ikijirudia mpaka unataka kuipiga jiwe: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni.

Kwetu nyumbani kulikuwa na maana moja zaidi, ambayo haikujulikana nje ya mtaa. Panya alikuwa mdogo wangu wa kiume.

Alizaliwa njiti, kabla ya miezi kutimia. Kati yangu na yeye mama alikuwa amezika watoto, na alipomleta huyu nyumbani akiwa amezungushiwa pamba, hakuna aliyethubutu hata kumpongeza. Bibi alimchukua, akamlaza kwenye kikapu katikati ya chupa za maji ya moto, akamnywesha maziwa kwa kijiko. Na akampa jina la kumkinga. Huo ni utaratibu wa zamani wa watu wa huku. Nyumba iliyofiwa na watoto, anayefuata hupewa jina la ovyo, aitwe Jalala, aitwe Takataka, ili husuda impite na mauti yasimtamani. Bibi akachagua Panya. "Nani atamwonea kijicho panya?" alisema. Jina la maana lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa maalimu wa madrasa. Mama alipofariki, na baba akarudi kwao bara na kuoa huko, tulibaki watatu kwenye nyumba ya bibi, na jina hilo ndilo lililoitwa kila wakati wa kula.

Nakumbuka vizuri namna bibi alivyolitamka. Alilivuta mwishoni, Panyaa, na kama kijana yuko karibu alimwongezea utani wa bibi na mjukuu: "Panya, mume wangu, hebu niletee kopo la kuogea." Naye alikua, akawa mtu mzima mfupi, mwepesi, mwenye mikono midogo iliyomfaa sana kwa kazi yake ya kutengeneza simu. Alikuwa na kibanda kituo cha mabasi cha Rangi Tatu. Alitoka alfajiri, akarudi usiku, na hakujua kutembea. Kila mahali alikwenda mbio.

Halafu wakaja wale wengine. Vijana wa makundi, na mapanga, wanaoingia mtaani kwa pamoja na kukata yeyote wanayemkuta. Mji mzima ukawaita panya road. Asili ya jina hilo kila mtu ana yake. Wengine wanasema ni kwa sababu wanatokea kwenye vichochoro, yaani njia za panya zilizovalishwa Kizungu. Wengine wanasema ni kwa wingi wao na udogo wao. Mimi najua tu kwamba neno lililokuwa la kuchekesha likaanza kuwafanya watu wafunge milango.

Kwetu walipita jioni moja, watu wakiwa bado vibarazani. Nilimvuta bibi ndani tukalala chini ya kitanda. Niliona miguu yao tu kwenye upenyo wa mlango, raba na ndala, na nilisikia wakicheka. Mpangaji wa nyumba ya pili, dada wa kuuza maandazi, alikataa kuachia simu yake, na mmoja akampiga panga la mkono mpaka mfupa ukaonekana. Nilimsikia akiomba, kisha nikamsikia haombi tena, analia kama mtoto mchanga. Walipoondoka tuliufunga ule mkono kwa kanga, na kesho yake tulisugua ngazi kwa sabuni ya unga na damu bado ikabaki kwenye nyufa za saruji. Niliwachukia vijana wale. Nilitaka wafe, nasema ukweli.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Tulikubaliana kununua filimbi, na kwamba yeyote atakayemwona panya apige kelele, na wote tutoke na chochote kilicho mkononi. Fundi wa mageti, mgeni kutoka bara ambaye hakuwa na muda mrefu mtaani, alisema, "Sie huko kwetu mwizi hafikagi polisi." Watu wakampigia makofi. Hakuna aliyekumbuka kwamba nyumbani kwangu kuna mtu anayeitwa hivyo. Waliomjua walimjua tangu kikapuni, na wapangaji wapya, ambao sasa walikuwa wengi kuliko sisi, walikuwa hawajawahi hata kumwona mchana.

Ilikuwa Jumapili, alasiri. Mdogo wangu alikuwa amerudi kula, simu yake ameiweka kwenye chaji, mara akaitwa nje na mteja, dereva wa bodaboda, akatoka mbio kama kawaida yake kumuwahi mwisho wa barabara. Akaisahau simu. Ikalia. Bibi aliichomoa, akatoka nayo barazani, na akaita kwa sauti ambayo kwa umri wake sikujua kama bado anayo.

"Panyaa! We Panya! Simu! Jamani nishikieni huyo Panya, simu!"

Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Nilimsikia na wala sikushtuka, kwa kuwa nimemsikia akiita hivyo maisha yangu yote. Nilichosikia baada ya hapo ndicho kilichonifanya niangushe beseni. Filimbi. Halafu nyingine, na nyingine, na kishindo cha watu wengi wakikimbia upande mmoja.

Yeye mwenyewe alinisimulia baadaye. Alisikia watu wakipiga kelele "Panya! Panya!" na hakufikiria hata kidogo kwamba ni yeye. Alifikiri wale wa mapanga wameingia tena. Akatazama nyuma, akaona kundi linakuja na magongo, akaongeza mbio. Alikuwa anawakimbia panya road. Na kwa watu waliokuwa nyuma yake, kijana mdogo anayekimbia hivyo hakuhitaji ushahidi mwingine.

Walimwangusha mbele ya karakana ya yule fundi. Nilipofika nilikuta migongo. Ile ni sauti ambayo siwezi kuitoa kichwani: vitu vigumu vikitua kwenye kitu laini, na watu wazima wanahema. Niliuma mkono wa mtu aliyekuwa mbele yangu mpaka akapisha. Mdogo wangu alikuwa chini, amejikunja, mikono juu ya kichwa, na fundi yuko juu yake na nondo. Nondo ilitua kwenye vidole vya mkono wa kulia. Nilivisikia vikivunjika. Tofali likamgonga sikio, kichwa kikarudi nyuma, damu ikaruka kwenye blauzi yangu. Mwanamke ninayenunua kwake mboga alikuwa anampiga mateke ya mbavuni, moja baada ya jingine, kwa uso mtulivu wa mtu anayefanya kazi ya nyumbani. Kulikuwa na mtu anaburuta tairi. Kulikuwa na mwingine anakinga petroli kutoka kwenye tangi la pikipiki, kwenye chupa ya maji.

Nilimlalia. Nilipiga kelele kwamba ni mdogo wangu, ni mdogo wangu wa tumbo moja, mmepotea, na kwa muda mfupi mikono ikasimama.

"Mwalimu, toka hapo," fundi alisema. "Wezi siku hizi wana madada wengi."

"Ni ndugu yangu!"

"Haya, anaitwa nani?"

Nikalitaja jina lake. La cheti cha kuzaliwa, lote, na la baba. Nililitaja kwa fahari kabisa, nikidhani nimemwokoa. Fundi akainama, akamshika mdogo wangu kidevu, akamgeuza uso.

"We dogo. Hebu tuambie. Unaitwa nani?"

Macho yake yalikuwa hayaoni mtu. Mdomo ulikuwa umejaa damu. Alijitahidi, akalitoa jina ambalo kila mtu anayempenda alimwita nalo tangu siku ya kwanza.

"Panya," alisema. "Mie Panya."

"Kajitaja!" mtu akapiga kelele. "Kajitaja mwenyewe!"

Nilivutwa kwa nywele. Nakumbuka nilichukia kwamba alisema kweli. Walinitupa kwenye mtaro na kazi ikaendelea, sasa kwa nguvu zaidi, kwa kuwa shaka ilikuwa imeondoka. Niliona tairi likiinuliwa. Nilisikia harufu ya petroli kabla sijaiona ikimwagwa, na nilijua mdogo wangu anakufa mbele yangu, mchana, kati ya watu ninaosalimiana nao.

Bibi alifika akitembea. Hakuwa na uwezo wa kukimbia. Simu ilikuwa bado mkononi. Aliwapita watu mmoja mmoja, wakampisha kwa mazoea tu ya kumpisha mtu mzima, mpaka akafika kwenye tairi. Hakupiga kelele. Alishika fundo la kanga yake kifuani.

"Huyu nimemlea mie," alisema. "Simu yake hii hapa, nilikuwa namwita aichukue. Kama mmeamua kumchoma, basi nivue kwanza, mniangalie nilivyo, halafu mtuchome wote. Nivue?"

Akalifungua fundo.

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa maana yake. Mwanaume anayesababisha mama mtu mzima avue nguo hadharani amebeba kitu ambacho hakuna dawa ya kukiondoa. Upande mmoja wa kanga ulipoteremka, mwenye chupa aliitupa na kugeuka. Waliofumba macho walifumba, waliokimbia wakakimbia. Walitapanyika pande zote, magongo yakabaki chini. Fundi alisimama, nondo mkononi, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo, bibi," alisema, akiwa bado ameutazama ukuta.

"Marahaba," bibi alijibu, akamfunika mdogo wangu kwa kanga ile.

Tulipitia kituoni kuchukua PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, kwa sababu bila hiyo hospitali wangetusumbua, na askari alipouliza kapigwa na nani nilisema na mtaa. Alishusha kalamu, akanitazama, akasema, "Mwalimu, mtaa haukamatwi." Madaktari waliondoa vidole viwili vya mkono wa kulia, na vilivyobaki havikunji. Sikio la kushoto limekufa. Mbavu ziliunga zenyewe. Mtu aliyekuwa akifungua skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi sasa hawezi kufunga kifungo cha shati.

Majirani walikuja kutupa pole. Walileta sukari, walileta uji wa lishe, yule mama wa mboga alileta mchicha aliouchambua kabisa. Wote walikuwa na sentensi moja: "Jamani, tungejua ni wa kwenu." Niliisikia mpaka ikanichefua. Mwisho nilimuuliza mama wa mboga, "Na asingekuwa wetu?" Akanitazama kwa huruma, akadhani ni uchungu unanifanya niseme nisiyoyaelewa, akasema nikapumzike.

Fundi naye alikuja, amevaa kanzu, na shikamoo yake. Alisema atatutengenezea mlango wa chuma, kwa usalama wetu. Bibi alimwitikia vizuri na kuniambia nimletee chai. Nikaileta. Nikammwagia kifuani. Aliruka, akajipangusa, akaondoka huku akiinua kanzu isimgande. Bibi alinikaripia kwa kumdhalilisha mgeni, na sijawahi kujuta.

Lakini bibi hakuita tena. Jina lile lilimkwama. Alijaribu "we kijana", alijaribu "mume wangu" bila jina, akajaribu la cheti, na kwa kuwa sikio moja halisikii, mdogo wangu hakugeuka, naye bibi akadhani amenuniwa. Alikuwa anainuka kitini, anakwenda mpaka alipo, anamgusa bega.

Kumbe yeye hakumnunia bibi. Hakumchukia hata fundi. Hilo lilinishinda kulielewa. Jioni moja, tumekaa ngazini, nilimwambia nitamtafutia wakili, waliompiga tunawajua kwa sura, tunapita mbele ya milango yao kila siku. Akatikisa kichwa.

"Wale walikosea tu, sista. Hata mie ningepiga."

"Ungepiga nani?"

"Panya, nani mwingine? Hao ndio walioniponza. Wasingekuwepo, bibi angeniitaga hivyo mpaka nazeeka na watu wangecheka tu." Alikuwa anautazama mkono wake. "Mie nawatafuta hao."

Nikamwambia anaongea upuuzi. Sikumwamini, na nilifurahi kumsikia akiongea sentensi ndefu.

Filimbi zililia tena siku nyingine baada ya Magharibi, tunakula. Kwanza upande wa shule, kisha karibu. Mtu akapiga kelele nje, "Panya road! Kamoja kamebaki huku!" Mdogo wangu aliweka tonge chini. Akainuka, akaenda jikoni, akautoa mchi kwenye kinu kwa mkono wa kushoto.

Nilimshika shati. Nilimwambia hujui ni nani huyo, hujui hata kama ni mmoja wao, wewe kati ya watu wote. Akanipiga kiwiko cha mdomo bila kunitazama. Nilianguka kwenye sahani, jino likapasua mdomo. Bibi alisimama mlangoni akamtandazia mikono. Mdogo wangu alimshika kiunoni, akamwinua taratibu kabisa, akamweka pembeni, akatoka mbio.

Tulikaa tukisikiliza. Safari hii sikuhitaji kwenda kuona, niliijua kila sauti na mahali inapotua. Kulikuwa na kijana anasema kitu kimoja tena na tena, pengine jina lake, lakini watu walikuwa wengi na sikulishika. Bibi alishika tasbihi na haisogezi. Nilitaka atoke, aende, afungue kanga yake kwa huyo pia. Hakutoka. Sikutoka na mimi. Baada ya muda pakawa kimya, kisha tukasikia watu wakiongea kawaida, wakiagana.

Alirudi akitembea. Shati lilikuwa limelowa mpaka tumboni, na alikuwa anahema kwa mdomo.

"Alikuwa mtoto wa nani?" bibi alimuuliza.

Hakusikia. Bibi akazunguka upande wa sikio zima, akamuuliza tena.

"Panya tu, bibi," alisema. Akaenda uani, akauosha mchi, akaurudisha kwenye kinu.